Jina Hilo Bado Lina Mwenyewe

Mwanangu,

Wewe umekwenda Gare kuwaaga shangazi zako, na mama yako yuko ndani anapanga begi lako upya kwa sababu eti mimi nimelipanga vibaya. Ameshakuambia yote ya safari: blanketi likae juu kwa ajili ya baridi ya Makambako, simu usiishike ovyo stendi, na ukifika Chalinze utujulishe. Hayo ni yake. Nikirudia hata moja atasema namwingilia kazi, na unamjua mama yako akianza kusema.

Mimi nina jambo moja tu. Jumamosi iliyopita uliniuliza swali mbele ya watu, nami badala ya kukujibu nikakufokea. Tangu siku hiyo unaniamkia "Shikamoo baba", naitikia "Marahaba", basi, mazungumzo yameishia hapo. Kesho alfajiri unapanda basi la Mbeya kwenda kusomea uuguzi. Ukiondoka bila jibu, nakujua, hutaniuliza tena. Utatuma salamu, utamtumia mama yako vitenge, utakuja sikukuu na kurudi. Lakini mimi nitakuwa nimekupoteza, na nitakuwa nimepoteza watoto wawili kwa jina lile lile.

Kwa mdomo siwezi. Nikianza kwa mdomo nitafoka, ndivyo nilivyoumbwa, na marehemu bibi yako alikuwa akisema hasira zangu hutangulia na viatu vyangu hufuata. Kwa hiyo naandika. Mwandiko wangu unaujua, vumilia.

Ile Jumamosi, tumeshasoma dua ya kukuaga, watu wamekula wali wakashiba, jirani yetu Mzee Shekiondo akasema, "Haya baba mtu, tupe kisa kimoja cha huyu bibi harusi anayeolewa na chuo." Watu wakacheka. Mimi tena! Kichwa kikavimba. Nikaanza kisa changu nikipendacho, cha siku ulipotumbukia kwenye mfereji wa kumwagilia, maji yakakubeba hadi kwenye kabichi za watu, na mimi nakimbia pembeni napiga kelele kama mwehu. Nakuopoa, nakukuta unacheka, umeshika kiatu kimoja mkononi, unaniambia, "Tate, kingine kimekwenda Mombo!" Watu walicheka mpaka wakafuta machozi.

Wewe ukasimama. Hukupandisha sauti.

"Baba, huyo si mimi."

Nikasema, "Si wewe vipi? Mwanaidi ni nani hapa?"

"Huyo ni dada. Mimi sijawahi kutumbukia mfereji wowote. Baba, ukiniita, huwa unamwita nani?"

Mama yako aliinama akaanza kukusanya sahani ambazo watu walikuwa hawajazimaliza. Mzee Shekiondo alikuwa akitazama kofia yake. Na mimi nikafanya nini? Nikasema, "Kaa chini! Mtoto gani huyu anamuumbua baba yake mbele za watu?" Ukasema huko Mbeya hutaki kuitwa Mwanaidi. Nikasema, "Utaitwa nani basi, Malkia?" Ukasema, "Sijui bado," ukaingia ndani.

Nilijua unasema kweli kabla hujamaliza kusema, na hilo ndilo lililonikasirisha. Dada yako aliniita tate, Kishambaa cha nyumbani. Wewe tangu ulipofungua mdomo umeniita baba. Nimesimulia kisa hicho miaka yote, mbele yako, neno hilo likiwa humo ndani, na sikulisikia.

Sasa ngoja nikupeleke ofisini kwangu kidogo. Usinune, utaona ninakokwenda.

Unaujua ule mfumo wetu wa kwenye kompyuta unaoitwa wiki. Ulinicheka sana nilipokusimulia siku ya kwanza. Meneja aliniambia, "Mzee, habari zote za vikundi vya wakulima ziandike kwenye wiki," nami nikamwuliza, "Hii au ijayo?" Ofisi nzima ikaanguka kwa kicheko. Kumbe ni kurasa. Kila kikundi tunachokisaidia miche na mifereji kina ukurasa wake, na mtumishi yeyote anaweza kuufungua, kuongeza, kufuta alichoandika mwenzake. Kwa kuwa mimi ni mkongwe na vijiji vya milima hii navijua, nikapewa kazi ya kuzitunza hizo kurasa zisirundikane. Anayenifundisha ni Stela, binti wa Mlalo, ana umri kama wako na uvumilivu ambao mimi sijawahi kuwa nao.

Taabu ya wiki ni majina. Mtu anatoka shambani kachoka, hatafuti kama ukurasa upo, anafungua mpya, anaupa jina, anaandika, anakwenda zake. Baadaye unakuta kurasa mbili zenye jina moja. Habari nusu ziko huku, nusu kule, na anayetafuta anaufungua ule unaomjia kwanza, akidhani ndio huo. Stela aliniambia mapema kabisa, "Mzee, kurasa mbili za jina moja ni ugonjwa. Ila usitibu kabla hujajua kama ni kitu kimoja kilichoandikwa mara mbili, au ni vitu viwili vilivyopewa jina moja." Mimi, kama kawaida yangu, nilisikia nusu ya kwanza.

Na kwetu ugonjwa huo ni mkubwa zaidi, kwa sababu sisi tunapaita mahali kwa kile kilichopo. Penye chemchemi pana mkuyu, na penye mkuyu watu wanasema Kwemkuyu. Basi kuna Kwemkuyu huku juu, upande wa Gare, na kuna Kwemkuyu kule chini, njia ya Magoma, na zipo nyingine sizijui. Mgeni akiuliza njia, wenyeji wanamwambia, "Kwemkuyu ya nani?" Kompyuta haiulizi hivyo.

Jumatatu niliingia ofisini bado nina hasira na wewe. Nilitaka kupanga kitu, chochote, kikae sawa. Nikakuta kurasa mbili: Kwemkuyu na Kwemkuyu. Mmoja mrefu, una picha, una maelezo ya miaka, mengi nimeyaandika mimi mwenyewe kwa mapenzi. Mwingine mfupi, mistari michache, hata picha hauna. Nikasema, nani tena huyu kaandika kitu ambacho kipo? Nikaichukua ile mistari ya mfupi nikaibandika katikati ya mrefu, palipoonekana panafaa, nikarekebisha lugha ili isomeke kama kitu kimoja, kisha ule mfupi nikaufuta. Sikumwuliza mtu. Nilijisikia vizuri mpaka nikaagiza chai na maandazi.

Jumatano dereva akapakia miche ya parachichi, akafungua wiki asome njia, akapanda nayo Kwemkuyu ya juu. Kule hakuna kikundi tena, mwanangu. Chemchemi ilikauka, watu wakatawanyika, wengine wamehamia mabondeni. Mimi nilikuwa najua. Nilikuwa najua siku zote, ila ule ukurasa nilikuwa naupenda ukiwa vile vile, na picha za akina mama wamebeba ndoo wanacheka. Dereva alimkuta mzee mmoja na mbuzi wake. Na kule chini, njia ya Magoma, akina mama walikuwa wamechimba mashimo, wamekaa juani kutwa wakisubiri gari.

Jioni simu ikalia. Mwenyekiti wao, Bi Hadija.

"Nyinyi watu wa ofisi, miche yetu mmeipeleka kwa watu wasiokuwepo. Mbona sisi tupo? Mashimo tumechimba. Tupo!"

Jana nikashuka nayo mwenyewe. Nilitamani anitukane, lakini alinipokea kwa heshima, akaniwekea kiti kivulini, akaniletea maji. Nikamweleza jinsi nilivyoona ukurasa wao mfupi nikadhani ni wa bure. Alinisikiliza, kisha akacheka kidogo.

"Sasa baba, wetu ulikuwa mfupi kwa kuwa ndiyo kwanza tunaanza. Ulitaka tuanze na marefu?"

Nilicheka naye, kwa adabu. Ndani ya gari, tunapanda kona za Soni, dereva aliniuliza kama naumwa.

Leo asubuhi Stela akakaa nami turekebishe. Mfumo ule una kumbukumbu yake, kilichofutwa unaweza kukirudisha. Akaurudisha ule mfupi. Akaupa kila ukurasa jina lake kamili, Kwemkuyu ya Gare na Kwemkuyu ya Magoma, na juu ya kila mmoja akaandika mstari: "Hapa si pale. Kama unatafuta pale, pitia huku." Kazi ikawa kuutenganisha ule mrefu nilioubandika. Mstari kwa mstari. Stela anauliza, mimi najibu. "Mzee, huu wa wapi?" Wa juu. "Na huu?" Wa chini. Akafika pengine akasoma, "'Asubuhi watoto huteka maji kabla ya shule wakiimba.' Huu wa wapi?"

Nikautazama. Nimeurekebisha kwa mkono wangu, nimeulainisha ukalingana na wenzake, na sasa sijui. Kuna watoto mahali fulani wanaimba na sijui ni wapi. Nikasema, "Stela, sijui," na machozi yakanitoka pale pale mezani, mtu mzima. Yule binti akadhani ni macho ya uzee, akaniletea maji.

Kwa sababu hicho ndicho nilichowafanyia nyinyi wawili.

Sasa nikuambie habari ambazo ungepaswa kuzijua tangu zamani. Dada yako alizaliwa asubuhi ya Idi ndogo, watu wanatoka kuswali, ndiyo akaitwa Mwanaidi. Jina lile halikutafutwa, lilikuja naye. Alikuwa mnene, ana kelele, anaimba mpaka usingizini. Aliogopa kuku na hakuogopa ng'ombe. Hakuwahi kufika umri wa kwenda shule. Alipata kichomi msimu wa baridi, tukampeleka hospitali, madaktari walifanya kila waliloweza, na akafa mama yako amempakata. Sina wa kumlaumu. Ningekuwa naye ingekuwa rahisi, hasira ningezipeleka kwake. Badala yake nilirudi nyumbani nikaziweka nguo zake kwenye sanduku, nikamwambia mama yako asizitaje, nami nisizitaje. Nilidhani huo ndio uanaume.

Kisha ukaja wewe. Ulizaliwa Jumanne, mvua inanyesha, hakuna Idi karibu wala mbali, na mimi sikuwepo, nilikuwa Magoma kununua mahindi. Bibi yako alikuja na kuku mkononi na jina mdomoni. Alitaka uitwe jina la kutupa, kama wazee walivyozoea mtoto akizaliwa baada ya msiba, Mashaka au Takataka, ili kifo kikipita kione hapa hakuna cha maana. Nikamcheka. Nikasema huyu anaitwa Mwanaidi.

Bibi yako akanitazama. "Jina hilo bado lina mwenyewe."

"Mwenyewe amekufa, mama."

"Ndiyo maana nasema. Aliye hai utampa jingine. Yule hana kingine alichobaki nacho."

Nikasema maneno ambayo mtoto hamwambii mama yake, na jina likawa hilo. Bibi yako hakukuita hivyo hata siku moja mpaka anaingia kaburini. Alikuita mjukuu, akikufurahia alikuita mwenzangu. Wewe ukadhani hakupendi, uliwahi kuniambia, nami sikukusahihisha. Mwanangu, yeye peke yake humu ndani ndiye aliyekuwa anakuita wewe.

Mimi nilitaka arudi. Nikuambie wazi, kwani nikificha hapa barua yote itakuwa kazi bure. Sikutaka mtoto mwingine, nilitaka yule. Nilipoliita lile jina na mtoto akageuka, hata kama ni wewe uliyegeuka, kifua changu kilitulia. Kila Idi nilikununulia gauni la njano kwa sababu yeye alipendeza na njano. Nilikuambia uimbe mbele ya wageni, ukanyamaza, nikasema unaringa. Kumbe mtoto wa watu hapendi kuimba. Watu walikuuliza, "Mwanaidi, wewe wa Idi kubwa au ndogo?" nawe ukawa unajibu "ndogo" kwa sababu mimi ndivyo nilivyokufundisha. Mpaka yule mama wa gengeni akakuambia, ukiwa bado mdogo, "Wewe siye wa Idi, wa Idi alikufa." Ukaja mbio kutuuliza. Mama yako akaanza kulia. Mimi nikakuambia nenda kachote maji.

Ukachukua ndoo ukaenda. Mgongo wako ule, mtoto wa miaka tisa na ndoo, ninao mpaka leo. Nilipata nafasi ya kukuita urudi nikueleze, na sikuitumia, kwa sababu ningekuita kwa jina gani?

Na yeye pia nilimdhulumu. Stela aliliona hili kwenye ule ukurasa kabla mimi sijaliona kwetu. Alisema, "Mzee, ukibandika kipya juu ya cha zamani, huwa vinapotea vyote viwili." Watu wakisema Mwanaidi hapa mtaani wanakumaanisha wewe. Hakuna anayemtaja yule, hata shangazi zako. Nilitaka asisahaulike, na nikalichukua jina lake nikalitumia kumfunika.

Basi tangu mchana nimekaa hapa uani natenganisha, kama nilivyofanya na Stela. Mfereji na kiatu, wake. Kuogopa kuku, wake. Kuimba, wake. Kumng'ata shangazi yako kidole, wake, na shangazi yako anakuonea wewe mpaka leo, nitamwambia.

Na haya ni yako. Ulichelewa kutembea, watu wakasema una tatizo, kumbe ulikuwa unatazama wengine wanavyofanya, siku moja ukasimama ukavuka chumba kizima bila kuanguka. Unaandika kwa mkono wa kushoto. Unacheka bila sauti, mabega ndiyo yanatikisika. Chai unaipenda ikiwa imepoa. Mama yako alipovunjika mguu hukulia, ulikwenda kuchukua mti wa kuni na kanga ukaufunga mguu wake kabla sisi wakubwa hatujamaliza kusema "Masikini!" Daktari hospitalini alipouliza nani kafunga, nikasema, "Binti yangu," na kwa mara ya kwanza sikumfikiria mwingine. Unapenda kukaa peke yako kwenye ngazi za matuta jioni, na mimi nilikuwa nakuita uingie ndani kwa sababu yeye hakupenda kukaa peke yake. Unakasirika kwa kunyamaza. Hilo wala hukulipata kwangu, bahati yako.

Lakini kuna kimoja, mwanangu, sijui ni cha nani. Kuna mkono mdogo umeshika kidole changu, tunateremka kwenda sokoni asubuhi, njia ina utelezi, na mtoto ananiambia, "Polepole, utaanguka, nitakushika." Nimeupekua ubongo wangu wote. Sikumbuki gauni, sikumbuki mwaka, na hicho ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Kama ni wewe, kama unakumbuka hata kidogo, niambie. Kama hukumbuki usinidanganye kunipoza. Nitakaa nacho hivyo hivyo, hakina mwenyewe.

Sasa swali lako. Ukiniita, huwa unamwita nani?

Nilikuwa namwita yeye. Miaka mingi nimesimama mlangoni hapa nikiita, nikimwita yeye, na kila nilipoita ukaja wewe. Ukaja na ndoo, ukaja na daftari za shule, ukaja na dawa yangu ya kifua. Hukukosa kuitika hata mara moja, na hukuwa wewe niliyekuita. Nisamehe. Sijui neno jingine lililo kubwa kuliko hilo, ningelijua ningeliandika.

Sina mawaidha mengi. Mtu aliyeharibu hivi atoe mawaidha ya nini? Ila huko unakokwenda kuwa muuguzi utawaona watu wakitolewa wodini mikono mitupu, na wengine watarudi baada ya mwaka na kichanga kingine, wanacheka, wanasema Mungu amerudisha. Mungu hakurudisha, ameleta mwingine. Usiwaambie hivyo, watakuchukia. Wewe waulize tu yule wa kwanza alikuwaje. Waache waseme. Kama mtu angeniuliza mimi hivyo wakati ule, akaketi, akanisikiliza mpaka mwisho, nadhani ningeweza kukutazama ulivyozaliwa nikakuona.

Na kitu kingine, kidogo. Mtu akikupenda, mchumba, rafiki, hata mgonjwa, mwangalie kama anakuongelesha wewe au anamwongelesha mwingine kupitia kwako. Wewe una mazoea mabaya ya kuitikia. Nimekuzoesha mimi. Usiitikie kila wito.

Leo baada ya swala ya Ijumaa mimi na mama yako tulikwenda kaburini kwa dada yako. Tulikuwa hatujafika tangu siku tuliyomzika. Magugu yalikuwa yameota mpaka kiunoni, tukayafyeka. Halafu mama yako akasema, "Mwanaidi, tumekuja." Tangu lini sijamsikia mama yako akilitamka jina hilo kumwita mwenyewe! Sauti yake ilikuwa nyingine, sikuwahi kuisikia akikuita wewe. Nikajua kwamba na yeye alikuwa anajua siku zote, alikuwa ananivumilia tu. Tukakaa pale. Nikamsimulia yule mtoto habari zako, kwamba ana mdogo wake anakwenda Mbeya kuwa muuguzi. Nilipofika mahali pa kulitaja jina lako nikakwama, nikasema, "mdogo wako."

Jina lile nataka abaki nalo yeye. Sikunyang'anyi kwa ukali, nakuomba. Ukiamua kulichukua kwenda nalo sitasema neno, limekaa kwako miaka mingi na umelitunza kuliko mimi. Lakini kama ulivyosema Jumamosi hulitaki, basi ulisema sawa, na mimi ndiye niliyepaswa kukaa chini. Na jingine sitakuchagulia. Niliwahi kukuchagulia mara moja, imetosha.

Barua hii nitakupa mkononi kesho stendi, maana mama yako akiiona kwenye begi ataipanga upya. Usiisome mbele yangu. Juu ya bahasha sikuandika kitu, nimekaa na kalamu mpaka adhana ya magharibi imeanza na nimeshindwa. Ukifika huko ukajua unaitwa nani, nipigie simu uniambie. Mimi ni mzito, nitakosea, nitaita lile la zamani kwa mazoea. Nikikosea usiitike. Kaa kimya tu hapo hapo, nitajua nimempigia nani, na nitaanza upya.

Baba yako